Sensa za kupaki kwenye Noah ya viti: ukuta zinauona, mtaro hapana

Gari langu ni Toyota Noah ya kijivu, mlango wa kuburuta, na abiria halibebi. Linabeba viti. Nakodisha viti vya plastiki, maturubai, majiko na masufuria ya shughuli. Nyumba yangu iko Ujiji, Kigoma, wateja wako kote: Mwanga, Gungu, Katubuka, mpaka Kibirizi kwa wenye mitumbwi. Siti za nyuma niling'oa mwaka uleule nilionunua. Nikishapakia viti mia moja mle ndani, kioo cha kati kinanionesha migongo ya viti na basi. Kuna kile kioo kidogo kilichobinuka ambacho Wajapani walikibandika juu ya mlango wa nyuma ili dereva aone bampa lake. Kizuri, ila unakitazama kupitia kioo cha nyuma, na kioo cha nyuma kimezibwa na viti. Aliyesema mwenye macho haambiwi tazama hakuwahi kupeleka viti harusini.

Kwa hiyo miaka minne nilikuwa narudi rivasi kwa masikio. Kijana wangu wa viti anashuka, anasimama nyuma, anapiga bodi kwa kiganja: "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto mama, njoo, njoo, haya hapohapo!" Hiyo "hapohapo" sasa inategemea. Siku ana njaa inakuja mapema. Siku simu yake imeita inakuja baada ya kishindo.

Kishindo cha kwanza kilikuwa nguzo ya geti la watu Katubuka: tofali, saruji na fundi, elfu arobaini na tano. Cha pili kilikuwa pikipiki ya bodaboda iliyoegeshwa nyuma yangu pale Mwanga nikiwa nimeingia sokoni kununua mkaa. Taa ya nyuma na madigadi, elfu sabini, na maneno juu yake. Cha tatu hakikuwa kishindo. Ilikuwa asubuhi, gari lipo uani, viti vimeshapangwa, nimeshaingiza rivasi, mguu ungali kwenye breki. Mama mpangaji akapiga yowe. Mjukuu wake, hajatimiza miaka mitatu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya tairi anachokonoa mchanga kwa kijiko. Sikumgusa. Nilizima gari nikabaki nimekaa, mikono haitulii, na harusi ya watu ikasubiri viti mpaka saa tano.

Wiki ileile nikanunua sensa, vile vidude vya kwenye bampa vinavyolia gari likikaribia kitu kwa rivasi.

Mama yangu mzazi nilipomwambia nimeweka sensa kwenye gari aliniuliza karani kapita lini, maana anavyojua yeye sensa ilikuwa Agosti 2022 na alishahesabiwa. Nilicheka, lakini neno lenyewe kweli limetukalia vibaya. Mafundi wengine wanasema "macho ya nyuma", wengine "zile za ti ti ti". Mimi nitasema sensa, tuelewane.

Duka moja la spea hapa mjini lilikuwa na boksi moja tu, na bei yake ilikuwa elfu sabini na tano, haishuki. Mpwa wangu yuko Dar, akanitafutia Kariakoo kwa elfu arobaini na nane, nikalipa elfu tano ya mzigo kwenye basi. Ndani ya boksi kuna macho manne meusi ya duara, kila moja ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, na kila moja na waya wake mrefu. Kuna kiboksi cha kuunganishia chenye matundu yaliyoandikwa A, B, C na D. Kuna kionyeshi kidogo cha tarakimu chenye taa za kijani, njano na nyekundu, na humohumo ndimo inamotoka sauti. Halafu kuna kile kimsumeno cha duara cha kuchomeka kwenye drili, milimita 22, cha kutobolea bampa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina upande mmoja, na upande wa pili Kiingereza cha kubahatisha.

Vifaa vilikuwa vizima. Niliponea chupuchupu kwa ufundi.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Yule bwana alimaliza kazi ndani ya dakika arobaini, akachukua elfu kumi na tano, akanipa mkono. Nikaingia, nikaweka rivasi: tiiiiiii. Moja kwa moja, haipumui. Nyuma yangu hakuna kitu, uwanja mtupu, mbuzi mmoja yuko huko mbali kabisa. Nikatoa gia, nikarudisha: tiiiiiii. Nikamuuliza, fundi, hii nini? Akasema, "Ndivyo zilivyo mama, ngeni hizo, zikizoea zitanyamaza." Jibu hilo nimelitafakari sana. Kifaa cha umeme kizoee nini, mazingira ya Kigoma?

Nilivumilia wiki mbili. Kijana wangu wa viti akawa anaziba masikio kila nikigusa gia. Mwishowe dereva mmoja wa Probox anayepeleka mzigo Uvinza akanielekeza kwa kijana mmoja Gungu, fundi umeme wa magari, anayefanyia kazi chini ya mwembe. Banda lake ni turubai. (Turubai bovu. Nimemwahidi langu moja lililochanika kidogo tu.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari linalia."

Hakuwasha kitu. Alilala chini, akaingiza kichwa chini ya bampa, akakaa humo kitambo, akatoka anafuta vumbi usoni. "Mama, macho yote manne yamepinduliwa." Akang'oa moja akanionesha mgongoni pake. Kuna kimshale kidogo, kama cha ukucha, cha kuonesha upande wa juu. Uso wa jicho lenyewe umekatwa mshazari kidogo ili litazame mbele na juu. Likifungwa miguu juu linatazama barabara, na barabara ipo siku zote, kwa hiyo linalia siku zote. Zaidi ya hapo, yule bwana wa kwanza alikuwa ametoboa kwenye mdomo wa chini wa bampa, sentimeta 41 kutoka ardhini. Na A na D alizibadilisha, kitu kikiwa kushoto taa inawaka kulia.

Kijana akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Gari hili likipakia linashuka kiasi gani?" Sikujua. Akasema basi tupakie. Tukaenda nyumbani tukapakia masufuria, majiko na mabomba ya maturubai, maana viti ni vyepesi, chuma ndicho kinachokandamiza, tukarudi kwake. Alipima kwa futi ya fundi cherehani kutoka ardhini hadi ukingo wa bampa, gari likiwa tupu kisha likiwa na mzigo. Limeshuka sentimeta saba. Akasema ndiyo maana hata zingefungwa sawasawa pale chini, siku ya mzigo zingelia: mkia ukishuka, macho yanainama. Akachagua sentimeta 55 gari likiwa tupu, likishuka libaki 48.

Nikaona anavyofanya kazi, nikasahau kuwa nina mteja saa nane. Alibandika solotepu ya karatasi bampa zima, akachora mstari wa penseli, akatafuta katikati ya gari kwa kupima kutoka taa hadi taa, akaweka alama ya msalaba nne, akarudi hatua tano nyuma akaitazama kwa jicho moja kama fundi seremala. Akafuta moja, akaisogeza kidole kimoja. Kabla ya kutoboa alipapasa bampa kwa nyuma kuona kama kuna chuma. Drili ilipoingia nilitazama pembeni. Bampa la kwako likitobolewa ni kama sikio la mtoto, unajua halitoki damu nyingi lakini hutaki kuona. Plastiki ikatoka visahani vinne vya duara, akavikusanya akampa mtoto wa jirani achezee. Akachukua kisu akakwangua kingo za kila tundu mpaka zikawa laini, ndipo akasukuma macho kwa kidole gumba, mshale juu, klik.

Yale matundu manne ya kwanza aliyaziba kwa vifuniko vya mpira. Kwa hiyo bampa langu lina macho manane, manne yanaona na manne vipofu, na kila anayeliona anauliza.

Waya aliupitisha kwenye tundu lenye mpira chini ya buti, si kwa kutoboa bati jipya, akasema tundu bila mpira linakata waya na kuingiza maji. Umeme wa kiboksi kauchukua kwenye waya wa taa nyeupe ya rivasi, ndiyo maana sensa zinaamka ukiweka rivasi tu na kulala ukitoa. Kionyeshi, ambacho gereji ya kwanza walikibandika juu ya mlango wa nyuma, akakileta mbele kwenye dashibodi kwa kupitisha waya chini ya zulia. Nikifikiria, kile kidude nyuma ya viti mia moja kingelia nani asikie?

Akanambia nikae kwenye usukani, nifungue swichi bila kuwasha injini, nivute hendibreki na niweke rivasi. Yeye nyuma na ndoo ya lita kumi. Mita moja na nusu: ti. Kimya. Ti. Akasogea: 1.2, 0.9, ti ti ti. Kwenye 0.5 zikaanza kukimbizana, kwenye 0.3 ikawa mlio mmoja usiokatika. Akaihamisha ndoo kushoto, taa ya kushoto ikawaka. Kulia, kulia. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kufungua mkoba.

"Subiri mama, sasa nikuoneshe zisichokiona."

Akachukua ufagio, akausimamisha kwa mpini wake nyuma ya gari. Kimya. Akausogeza, ti moja, kimya tena. Akakunja blanketi kuukuu akalishika mbele ya kifua: zikalia kwa kusitasita, na zikachelewa. Halafu akachuchumaa karibu kabisa na bampa, kichwa chini ya macho yale, akaniita: "Mama, unanisikia?" Namsikia yeye. Sensa sizisikii.

Nilishuka. Nikamtazama pale alipochuchumaa, nikamkumbuka yule mjukuu wa mpangaji na kijiko chake.

Akanieleza sensa zinavyofanya kazi kwa mfano wa popo, maana juu yetu kwenye mwembe walikuwapo. Jicho linapiga sauti ambayo sikio la mtu haliikamati, mitetemo kama 40,000 kwa sekunde wakati sisi tunaishia kwenye 20,000 hivi, tena wakati wa utoto. Sauti inakwenda, inagonga kitu, inarudi, na kiboksi kinahesabu muda. Hewani sauti inakimbia karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kilicho mita moja jibu lake linarudi kabla hujapepesa. Ukuta unarudisha vizuri, bodi ya gari vizuri, ndoo vizuri. Mpini wa ufagio ni mwembamba, unarudisha kidogo. Blanketi linaimeza sauti. Bati lililolala mshazari linaitupa sauti kwingine, kama mpira uliogonga kona. Na kitu kilicho karibu sana, chini ya sentimeta 30 hivi, jibu linarudi wakati jicho halijamaliza kupiga kelele yake lenyewe.

Elfu thelathini. Nililipa bila kuomba punguzo, na mtu anayenijua atawaambia hilo ni tukio.

Sasa nina miezi kumi na moja nazo. Nguzo sijagonga tena, pikipiki sijagonga tena. Kupaki usiku Ujiji kwenye vile vichochoro vya zamani, ambako ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani vinabanana utadhani vinanong'onezana, kumekuwa jambo la kawaida. Zamani nilikuwa naacha gari barabarani, vijana wanabeba viti kichwani. Sasa naingia kinyumenyume, nasikiliza, nasimama kwenye 0.4. Hapo sensa nazisifu bila kinyongo.

Lakini mji wetu ni wa vilima, na sensa zimetengenezwa na watu wa tambarare. Geti langu linapanda. Nikiingia kwa rivasi kutoka barabarani, gari lingali limelala na uwanja mbele ya macho umeinuka, zinauona uwanja kama ukuta na kupiga mayowe. Imenibidi nijue kwamba mayowe ya hapo ni ya bure, na kifaa ukishaanza kujizoesha kwamba mayowe yake mengine ni ya bure, kimekwisha nusu. Mvua nayo. Kuanzia Novemba matone yakikaa kwenye jicho yanalia yenyewe, tope likikauka juu yake linalia au linakufa ganzi. Nimeweka kitambaa mlangoni, kila asubuhi ya mvua napangusa macho manne kama mama wa watoto wachanga. Vumbi la kiangazi halisumbui sana. Kibirizi, kwenye vichanja vya nyavu vya kuanikia dagaa, naziona hazina kazi: wavu hazisikii, miguu ya vichanja ni miti myembamba. Pale narudi kwenye "njoo, njoo".

Na mtaro.

Ilikuwa Mwanga, saa mbili usiku, tumetoka kuchukua vyombo kwenye arusi. Barabara zetu za mitaani zilipopata lami zilipata na mitaro ya mawe pembeni, mizuri, inapitisha maji ya vilima vyote hivi, na mingi haina kifuniko. Kijana wangu amesinzia siti ya mbele. Sikumwamsha, nikajisemea nina sensa. Nikaweka rivasi, nikarudi polepole nigeuze. Ti. Ti. Kionyeshi kinasoma 1.4, taa ya kijani. Nina mita moja na nusu kasoro, nafasi tele. Nikaongeza kidogo, na gari likakaa chini upande wa kulia kama mtu aliyevutiwa kiti.

Nikashuka na tochi ya simu. Ukuta wa nyumba ulikuwepo kweli, na ulikuwa palepale sensa ziliposema. Mtaro ulikuwa katikati, kati ya bampa na ukuta. Sensa hazikudanganya hata sentimeta moja. Zilipima mpaka kwenye kitu, na mtaro si kitu, mtaro ni pale kitu kilipoondolewa. Sauti inapita juu yake kwa raha zake inakwenda kugonga ukuta. Wanaume saba, kamba ya turubai langu mwenyewe, ubao, "moja, mbili, haya!", na elfu ishirini ya soda. Masufuria mawili yalibonyea. Kijana wangu alisema kwa heshima zote, "Mama, ungeniamsha." Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo ninazunguka gari kabla ya kuweka rivasi. Kila mara, hata kwangu uani, hata mvua ikinyesha. Naangalia tairi za nyuma, naangalia chini, kisha napanda. Inachukua muda wa kufunga khanga.

Madereva wa teksi pale stesheni wamenicheka sana juu ya bampa la macho manane. Mmoja, mtu mzima, ameanza kuendesha enzi za Peugeot 504, aliniambia, "Dada, shingo yangu hii ndiyo sensa. Dereva anayehitaji kengele ili apaki, nyang'anya leseni." Nikamwambia kaka, wewe unabeba abiria wanne na begi, kioo chako cha nyuma peupe pe, gari lenyewe IST fupi kama kiatu. Nibebee viti mia moja halafu uniambie habari ya shingo. Akacheka, lakini kwa gari lake ana haki. IST, Vitz, Passo, mtu ana shingo nzima na kioo kitupu, hela hiyo atie matairi. Mwalimu mmoja rafiki yangu amenunua Vitz na leseni yake bado ina harufu ya wino, akaniuliza aweke? Nikamwambia asiweke mwaka wa kwanza. Ajifunze vioo vya pembeni kwanza, ajue mkia wa gari lake unaishia wapi, la sivyo siku sensa ikiziba tope atakuwa hajui kupaki kabisa.

Ninayemshauri aweke bila kusita ni mzee jirani yangu mstaafu, ambaye shingo haigeuki tangu alipoanguka. Yeye amepona presha, mkewe amepona zaidi. Wengine ni sisi wa mizigo: Noah, Probox iliyojaa, Hiace. Madereva wa Fuso hawazihitaji, wana utingo, na utingo wa Fuso hasinzii, anajua akisinzia atalala njaa.

Mwenye gari la bampa la chuma aulize kwanza. Jicho linatakiwa kuvaa mpira lisiguse chuma, na si kila boksi lina mpira huo. Mwenye RAV4 ya zamani yenye tairi la spea mgongoni akumbuke kwamba macho yapo kwenye bampa na tairi limetangulia nyuma yake. Ninayemjua alikuwa anasubiri mlio wa mwisho kama mimi, akabonyeza mlango wa nyuma kwenye mwembe huku kionyeshi kikisoma 0.4.

Kamera? Mpwa wangu anayo kwenye gari lake, inaoneshwa kwenye redio ya skrini, laki mbili na zaidi kwa vyote. Nilikaa nayo siku mbili alipokuja likizo. Mtaro unauona. Mtoto aliyechuchumaa unamuona. Nilisoma kwamba Marekani gari dogo lililotengenezwa tangu Mei 2018 haliruhusiwi kuuzwa jipya bila kamera ya nyuma, na sheria hiyo ilianzia kwa mtoto wa miaka miwili aliyekanyagwa na baba yake mwenyewe akirudi rivasi nyumbani kwao. Mlio walikuwa wanaujua zamani, Toyota wenyewe waliuweka kwenye Corona tangu 1982, na bado kwenye sheria wakachagua picha. Nimewaelewa. Lakini kamera haikupigii kelele, lazima uitazame, na jua la jioni likilalia ziwa, ukiwa umeuelekeza mkia magharibi, skrini inakuwa nyeupe tupu. Ningekuwa na hela ningeweka vyote viwili. Sina, nimejumlisha: boksi, basi, fundi wa kwanza na wa pili, elfu tisini na nane. Nguzo na pikipiki peke yake vilinila laki moja na kumi na tano. Hesabu imekubali, hata nikitia na soda za mtaroni imezidi kwa elfu tatu tu.

Mwezi uliopita jicho la pili kutoka kushoto limekufa. Nahisi ni kijana wa kuosha magari, aliliwekea mpira wa presha karibu mno nikiwa naongea na simu. Ukiweka rivasi upande huo hauna taa. Fundi wa Gungu anasema jicho moja hupatikana peke yake, aliagize, lakini niwe mwangalifu litoke aina ileile maana haya hayaelewani hovyo hovyo.

Huku tukisubiri, kijana wangu amejiajiri. Harusi ya juzi Rusimbi alishuka, akasimama nyuma upande wa kushoto, na badala ya "njoo, njoo" nikamsikia: "Ti. Ti. Ti ti ti. Titititi. Tiiiii!" Nikasimama. Nikashuka kuangalia: sentimeta 30, kweli kabisa. Nikamuuliza na mtaro je, unaulilia vipi? Akafikiri, akasema huo nitaita jina lako, mama.